Karatasi ya Kusikiliza

Mvua ya Luanda haina adabu ya ratiba.
Mtihani niliupangia saa nane, mvua ikangoja.
Nilipobonyeza kitufe, bwana yule wa mbali
akafungua kinywa, na yenyewe
ikashuka yote juu ya mabati.

Wako arobaini na sita, Kidato cha Pili Mashariki.
Redio ya idara, mgongo umefungwa mpira wa baiskeli,
nimeiweka mezani, na meza juu ya meza,
na bado bwana yule ananong'ona kama mwenye deni.

Yuko stesheni. Anamuuliza mwanamke mmoja
tiketi ya kwenda pwani ni bei gani,
na treni inaondoka saa ngapi.
Nje ya dirisha letu reli imelala nyasini,
mbuzi wa Mama Anyika wamefungwa kwenye chuma chake.

Hucheza mara mbili tu. Ndiyo sheria.
Mara ya kwanza walikunja shingo, wakafumba macho
kama watu wanaoonja chumvi.
Mara ya pili radi ilijibu kabla ya mwanamke.
Kusanya karatasi.

Usiku nasahihisha.
La kwanza ni B. La pili, saa nne na robo.
Ayuma kapata tisa: kwao kuna televisheni,
Kiingereza cha namna hiyo hula nacho ugali.
Shikanda sita, nne kati yake za kubahatisha,
naujua mkono wake unapotetemeka.

Okwemba hakuchagua herufi.
Ameandika sentensi, kwa Kiingereza kilichonyooka
kama mshono wa fundi mzee.

Nani anazungumza?
*Mvua.*
Anataka kwenda wapi?
*Mtaroni, kisha mtoni Yala.*
Treni inaondoka saa ngapi?
*Mwalimu, muulize babu. Tiketi anayo.*

Nilicheka peke yangu mpaka mbwa wa bweni akabweka.
Nikamwonyesha Madam Kageha, naye akacheka,
akasema, huyo ni mjuaji, mpe sufuri yake.
Mwongozo nao unasema sufuri.
Mwongozo una safu mbili na haujui mabati.

Ila kwenye karatasi ya kusoma,
ile habari ya kijiji kilichozikwa na theluji,
mjuaji huyo kapata kumi na tisa juu ya ishirini.
Alama moja niliikata mimi, kwa koma.
Theluji hajaiona, wala mimi,
lakini aliandika kwamba wanakijiji waliogopa zaidi
pale kila kitu kilipokuwa kimya.
Swali halikuuliza hivyo.
Nililisoma jibu lile mara tatu, chai ikapoa.

Nikaanza kukumbuka vitu vidogo.
Kengele ikilia, husimama baada ya wenzake.
Nikiita majina hutazama mdomo wangu,
mimi nikidhani ni heshima.
Muhula mzima nimemwandikia: *haoneshi bidii darasani.*
Kalamu nyekundu. Sahihi yangu chini.

Asubuhi jua lilikuwa kali, mabati makavu.
Nilisimama nyuma yake, upande wa kushoto,
nikasema, si kwa sauti ya mtihani,
Okwemba, kamba ya kiatu imefunguka.
Shikanda aligeuka.
Ayuma aligeuka, akainama kutazama viatu vyake mwenyewe.
Darasa zima likatazama sakafu.

Okwemba alikuwa anasoma.
Alilamba kidole, akafunua ukurasa.

Miaka kumi na mmoja napima masikio
na sijawahi kumuuliza mtoto kama anayo.

Katika daftari la alama, safu ya kusikiliza,
nimeandika sufuri. Nimeiandika kwa penseli.
Kisha nikavuka uwanja, matope yakinivuta viatu,
nikabisha ofisini kwa karani
kuuliza, nauli ya watu wawili
kwenda Kisumu, hospitali kuu, ni bei gani,
na gari la shule linaondoka saa ngapi.

Akasema, sema tena, Mwalimu, sijakusikia.