Mengineyo

Mimi ni katibu wa mtaa. Naandika mihtasari.
Kwa miaka kumi na minne hoja ya akina mama mimbarini
nimeiweka mahali pale pale, agenda ya saba, mengineyo,
chini ya bati la jiko linalovuja,
chini ya mbuzi wa jirani aliyekula maua ya madhabahu.
Kila tulipoifikia, jua limeshachwa,
mzee mmoja ameshashika kofia,
nami naandika: Imeahirishwa.
Neno zuri hilo. Halimkatalii mtu. Halimpi kitu.

Fidea Nangomwa ndiye aliyetuchemshia chai
tulipokuwa tunamwahirisha.

Jumapili ile, msimu wa korosho umepamba moto,
mnyororo wa pikipiki ya Padri ukakatikia Kitangari.
Simu ikaja, ikakatika, ikaja tena:
someni masomo, imbeni, mtawanyike.
Na kanisa limejaa, linanuka mabibo,
sadaka zimeletwa kwa debe na kwa ncha za kanga.
Sisi wazee wa kanisa tukatazamana
kama watu wanaopekua mifuko ya wenzao
kutafuta ufunguo walioupoteza wao.

Fidea akainuka benchi la tatu, upande wa dirisha.
Akakaza kanga. Hakumwomba mtu.

Sasa, mimbari yetu ina ngazi tatu za mninga
na ya pili ni mbovu. Padri akiikanyaga inalia kwaa!
ndipo tunajua mahubiri yameanza.
Askofu alipokuja ilimlilia hata yeye.
Tulidhani ndivyo mimbari zilivyo.

Fidea aliiruka.
Ya kwanza, ya tatu. Kimya.

Nani mwingine angejua?
Nani aliipiga deki kila Jumamosi
kwa maji aliyopanda nayo kichwani kutoka bondeni?

Hakupaza sauti. Alisema:
"Tumesikia habari za mwanamke aliyeuacha mtungi kisimani
akakimbilia mjini kusema.
Nawauliza akina mama wa Newala,
nani kati yenu amewahi kuiacha ndoo yake bondeni?"

Kicheko kilianzia nyuma, kwa mabibi.
Hapa kwetu juu mtu husahau kiatu, husahau deni,
husahau hata jina la shemeji. Ndoo, hasahau.

"Basi pimeni wenyewe uzito wa neno
lililomfanya aiache.
Na kule mjini hawakumuuliza barua."

Halafu akapotea. Alifunua kurasa mbili kwa pamoja,
akanyamaza muda mrefu, mkono kifuani,
hata mtoto mmoja akauliza kwa sauti: "Amemaliza?"
"Bado, mjukuu wangu," akajibu kutoka juu. "Bado."
Neno letu lile lile la kikaoni, bado,
lakini kinywani mwake lilikuwa na miguu.

Mzee Lipunda alitoka nje. Sifichi, alitoka,
akapiga mlango.
Mkewe hakumfuata.

Baada ya ibada nikafungua daftari.
Waliohudhuria: mia mbili na kumi na wawili.
Sadaka: korosho ghafi, kilo arobaini na sita;
fedha taslimu, elfu thelathini na mia saba.
Mhubiri.
Hapo nikakaa.
Nina kalamu mbili, ya wino na ya risasi,
na Askofu akizuru husoma madaftari.

Niliandika kwa risasi. Nakiri.
F. Nangomwa.
Herufi moja tu, inayoweza kuwa Festo, inayoweza kuwa Filipo.

Alikuja kuchukua bilauri za chai,
akachungulia juu ya bega langu kwa kitambo.
Juu ya kalamu hakusema lolote. Alisema:
"Katibu, mwite fundi. Ile ngazi ya pili
siku moja itamwangusha mtu."

Kikao ni Alhamisi. Karatasi iko mbele yangu.
Agenda ya kwanza: Ngazi ya mimbari.
Nimeiandika kwa wino, maana ngazi haina ubishi.

Ya pili
ningali nimeishikia kalamu.