Dari la Nyumba ya Cheyo

Fundi Mihambo alipanda na tochi mdomoni,
akashuka na utando wa buibui kwenye nyusi.
"Mama Kasele, ng'oa vigae vyote.
Bati la rangi, siku mbili, nyumba mpya."

Mpya ninayo ya jirani, naitazama.
Saa nane mchana wenyewe wanahamia uani,
na mvua ikipiga wanaongea kwa mikono.

Vigae hivi ni vyekundu kama kovu.
Kimoja kina ukwato wa mbuzi
aliyekikanyaga kingali tope,
Tabora hii hii, kabla baba hajazaliwa.
Baba, mshika bendera wa stesheni,
alilala chali akivisikia vikigongana kama meno,
akasema gizani, "Ya Kigoma hiyo. Imechelewa."

"Lakini joto, mama."

Joto lipo, sikatai.
Oktoba shuka linanata mgongoni,
na Julai baridi hushuka toka juu
bila hodi, ikakaa miguuni hadi alfajiri.

Tukamfuata Ntabo, mrina asali wa Sikonge.
Akacheka: "Nyuki hawajui bati.
Wape gome, na jua liwake litakavyo,
sega haliyeyuki."
Akatuuzia mizinga yake iliyostaafu,
magome ya myombo yenye harufu ya moshi na nta.

Popo tukawangoja watoke na magharibi,
ndipo tukaziba matundu yao.
Tukalaza magome juu ya mbao za zamani,
tukamwaga pumba za mpunga, viroba arobaini,
na chokaa, mchwa wasije na barua ya mwaliko.
Juu ya pumba tukaacha shubiri nzima,
hewa ipite, vigae vipumue.
Kutoka barabarani hakuna kilichobadilika.
Ndivyo nilivyotaka.

Chumba cha baba nikasema: kiacheni.
Mihambo akakuna kichwa. "Joto litaingia hapo."
Liingie. Lina kwao.

Usiku wa kwanza nililala kama gunia.
Wa pili nikaamka: kimya, kimya kinene,
pumba zimemeza hata panya.
Nikaenda peku hadi chumba cha mwisho,
nikalala chali kwenye kitanda cha kamba,
jasho likinitoka shingoni, nikangoja.

Vikagongana.
Nikawasha simu, nikatazama saa.
Ya Kigoma, baba.
Leo imewahi.