Kashata

Chilewa, fundi wa Mpunguzi, hana mashine ya kupimia.
Huchomeka hamsini kwenye kashata za tairi;
kifaru akionekana mpaka kwato,
hutema mate pembeni: "Hili limekufa, mama."

Pikapu ilijaa zabibu za Iringa.
Nilikuwa na bei ya zabibu,
si ya tairi.

"Ongeza upepo tu, litafika."

Hakubisha. Akapiga jeki, akalegeza nati
(ya tano iligoma, akaitukana Kigogo),
akaligeuza ubavu wa ndani:
nyuzi za chuma nje,
mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Nikahesabu noti, polepole.

Siku hizi nalivaa. Katambuga, jozi tatu,
nyingine kawapa wanangu.
"Shambani," anacheka Chilewa, "kipara hakiui."