Mzabibu wa Ukungu

Etore alikuja Newala kutafuta maji,
akaondoka ametuachia kiu nyingine:
kijiti chembamba kama kalamu,
kimeviringishwa gunia bichi, kimechongwa ncha moja.

Baba alikuwa mshika kompresa wake.
Miezi minne waliitoboa ardhi yetu,
mita mia mbili na kumi, vumbi,
mita mia mbili na themanini, vumbi jekundu,
na mama anaendelea kununua ndoo
kwa bei ya mwenye punda.

Asubuhi moja ya Julai
ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma,
ukameza mikorosho, ukameza mtambo,
ukabakiza kofia ya Etore na moto wa sigara.
Akakaa juu ya pipa la dizeli, akalia.
Baba akadhani amefiwa.
"Kwetu," akasema kwa Kiswahili cha kuungaunga,
"iko zabibu nyeusi. Jina Nebiolo. Jina la ukungu.
Inachelewa, inangoja zabibu zote zimevunwa,
inangoja milima imevaa nyeupe hii hii."
Baba akamjibu,
"Hapa kinachongoja ukungu ni kifua cha mtoto."

Alikwenda likizo, akarudi na kijiti.
Tukakipanda nyuma ya jiko,
panapomwagwa maji ya vyombo.

Kikashika.
Miaka mitatu kikatoa majani tu,
majani mapana, majani ya kujisifu,
kikaparamia paa, kikachungulia dirishani kwa mama.
Bi Nachilongo, jirani, akauliza: mboga?
Si mboga.
Dawa?
Si dawa.
"Basi mnamwagilia nini?"
Etore alikuwa ameshaondoka, kandarasi imekwisha,
kisima kimefunikwa bati na mawe juu yake.

Aprili, mbuzi wa Bi Nachilongo akakata kamba.
Alikula usiku kucha,
akabakiza shina na mikono miwili mifupi.
Mama alimfukuza kwa mchi hadi barabarani.
Wiki ya tatu, penye kidonda kile kile,
machipukizi, na kwenye machipukizi
kishada kidogo kama mayai ya samaki.

Kumbe mti ule haukujua kama mwaka umekwisha.
Kwao baridi huuvua nguo, ukalala,
ukaamka na hamu ya kuzaa.
Kwetu hakuna aliyeuambia lala
isipokuwa mbuzi.

Juni, ukungu ukarudi.
Siku ya nne punje zikaota unga,
unga mweupe tunaoujua sisi watoto wa mikorosho:
ubwiriunga.
Yaani ukungu uliompa jina mgeni wetu
umekuja na nduguye kumla.
Baba hakusema neno. Aliingia stoo,
akatoka na bomba mgongoni na salfa iliyobaki,
ile ya mkopo wa chama cha msingi,
akampulizia mgeni
kama anavyoupulizia mkorosho wa urithi.
Akapiga chafya. Manjano mpaka kope.

Tulivuna Oktoba, minada imeshaanza.
Shada moja. Punje thelathini na moja,
nilizihesabu mara mbili.
Nyeusi, zina vumbi kama zimetoka safari.
Tulikula watu wanne, kimya, tukiungoja utamu.
Utamu ukaja, ukakaa kidogo,
halafu ulimi ukakunjamana, ukakauka, ukagoma.
Mama alicheka hadi akashika ukuta.
"Mzungu huyu! Ametoka mbali kote huko
kutuletea bibo."

Sijui Etore yuko wapi.
Baba hupogolea mzabibu kwa kisu siku hizi,
mbuzi hahusiki tena,
na kila mwaka tunakunja nyuso, tunakula.

Kisima bado kipo.
Watoto huinua bati, hudondosha kokoto, huhesabu.
Zamani mimi nilifika saba, nikasikia kitu.
Mama anasema ni kokoto iliyogusa kokoto wenzake.
Baba, mpaka leo,
anasema lilikuwa tone.