Chenso ya Tweve

Tweve aliniapia: "Haijaangusha hata misindano kumi."
Nikatoa laki mbili na jogoo.

Ukungu wa Mufindi. Navuta kamba: inakohoa.
Navuta: inanguruma, mpaka iguse gome,
puh, kimya.

Plagi nimeisugua kwa msasa.
Kichujio nimekikung'uta; unga wa mbao za nani?
Petroli mpya, oili kwa kipimo cha kizibo.
Bado inaguna kama mkwe aliyenyimwa ulanzi.

Basi kabureta, vipande juu ya gunia.
Rangi ya chungwa inabanduka kidoleni,
chini yake herufi za msumari:
K. NYENZA.

Nyenza ni mimi.
Mwandiko wangu. Niliiuza Nyololo mwaka juzi,
nikamwapia mnunuzi:
haijaangusha hata misindano kumi.