Ngo Tatu

Miaka kumi na mmoja, Radek,
bati moja la ndege kati yetu:
mimi nje na bunduki ya ribiti,
wewe ndani, umejikunja, umeshika chuma.
Ngo moja: imekaa.
Ngo mbili: rudia.
Ngo tatu: haifai, ing'oe.
Sura yako niliiona saa ya kahawa tu.

Sasa Wichita kimya. Anga halina hata mkwaruzo.
Ndege zisizo na mnunuzi zimepanga foleni uwanjani,
injini zimezibwa, kama midomo yetu.

Barua imekuja Ijumaa. Imekunjwa mara tatu.
Nimeisoma nimesimama, karibu na friji.

Usiku kidole kinagonga ukuta wa jikoni, chenyewe,
ngo moja.
Nangoja.
Upande wa pili ni jirani, anakohoa.