Zamu ya Damari

Karatasi ya zamu bado iko mlangoni,
jua limeila hadi wino wa Machi umekuwa kahawia.
Jumamosi ya nne: Eunike, Damari, mke wa Sudayi.
Damari tulimzika Juni.
Katibu ana kalamu, ana na rula,
lakini kila akipita hapo
anakumbuka jambo la haraka ofisini.

Basi Jumamosi ya nne tunakuja wawili
tunafanya kazi ya watatu.
Mke wa Sudayi ananyunyiza maji, mimi nasukuma ufagio,
na vumbi la Manyoni, ukilitoa kwa dirisha,
linazunguka nyuma ya madhabahu, linarudi kwa mlango
kama muumini aliyesahau mwavuli.
Damari alikuwa akiligombeza:
"Wewe nawe, hujabatizwa?"
Sasa halina wa kuligombeza.
Treni ya mizigo inapita, vioo vinatetemeka,
tunasimama mpaka iishe ndipo tuendelee,
utadhani ufagio unahitaji utulivu.

Jumatano jumuiya ilikuwa kwa Naftali.
Tulikuwa tisa, na mbuzi aliyeingia wakati wa sala.
Taa ya sola ilichoka kabla ya mwinjilisti,
tukamalizia gizani: mistari tunayoijua kwa kichwa,
na tusiyoijua tukaing'ung'unia.
Bati za choo cha watoto, bado mbili.
Mama Nhonya mguu haujapona, nani atamchotea maji?
Kimya.
Kisha mtu akakohoa,
na kikohozi kile kikaandikwa daftarini kuwa amekubali.

Jumapili, baada ya baraka, mnada.
Debe la uwele, trei ya mayai, mlenda mkavu kwenye kibuyu.
Jogoo wa Mzee Chilewa aliuzwa mara tatu:
wa kwanza akamnunua, akamrudisha kwa Bwana,
wa pili naye akamrudisha,
wa tatu, mwalimu mgeni, hakujua desturi,
akamfunga kwenye baiskeli akaenda naye.
Tulicheka hadi mchungaji akavua miwani.

Mimi huhesabu sadaka. Mwaka wa kumi na moja huu,
mshahara wangu chai, na siku nyingine hata chai hakuna.
Tunakaa watatu chumba cha nyuma, mlango wazi,
bahasha zinafuatana kwa namba.
Themanini na moja, mia tano.
Themanini na mbili, haikurudi.
Themanini na tatu.

Noti ya elfu moja, imekunjwa pembetatu
kama sambusa ya mtoto.
Alikunja hivyo hivyo yeye,
eti mkono wa kushoto usiione.
Nikainusa, Mungu anisamehe.
Mafuta ya alizeti hapana. Petroli.

Nikatazama nje.
Kwenye kivuli cha ukuta Elieza alikuwa akipiga kiki pikipiki yake,
Elieza aliyefukuzwa kipaimara mara mbili,
na mara mbili Damari akamrudisha, kamshika sikio.
Tangu mazishi hajaingia ndani,
au ndivyo tulivyokuwa tukisema.

Naftali aliinua kalamu, akaiacha hewani.
"Themanini na tatu si ya yule...?"
"Andika elfu moja."
"Na jina?"
"Jina lipo."
Akaandika. Wino ulikuwa mbovu,
alirudia mara mbili juu ya herufi zile zile.

Jumamosi ya nne nilifika mapema, na ndoo zangu mbili.
Mapipa yalikuwa yamejaa hadi mdomoni,
maji bado yanacheza.
Pembeni, mchangani, mstari wa tairi
ulikuja, ukapinda, ukaondoka.
Mke wa Sudayi akafungua kinywa aulize.
Nikampa ndoo.
Nikachukua ufagio,
nikaanzia pale penye tairi.